Mwalimu wa sheria na ndevu za mfungwa

WAHENGA walinena kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Katika jambo la uhuru wa dini methali hiyo ni kweli tupu. Kila mtu hutaka serikali isimguse anapoabudu, lakini jirani yake akikesha akipiga ngoma za imani nyingine, yeye huyo huwa wa kwanza kukimbia kwa chifu kushtaki. Uhuru anautaka, ila anautaka uwe wake na wa wenzake basi.

Hebu leo, msomaji, tumtazame mtu mmoja wa Marekani ambaye kwa miaka mingi amepingana na tabia hiyo. Jina lake ni Profesa Douglas Laycock. Kwa kazi ni mwalimu wa sheria. Alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1976, akahamia Texas mwaka 1981 na kukaa huko miaka 25, kisha akaenda Michigan, na mwaka 2010 akaingia Chuo Kikuu cha Virginia. Lakini mara kwa mara aliweka chaki chini, akafunga safari ya Washington na kusimama mbele ya majaji tisa wa Mahakama ya Juu, akitetea watu walioonewa kwa ajili ya imani yao.

Watu gani hao? Hapo ndipo penye kisa. Amewatetea waabudu wa miungu ya Kiyoruba, askofu mkuu wa Kikatoliki, shule ya Walutheri, mwanamke wa Kiyahudi pamoja na mwenziwe asiyeamini Mungu, na Mwislamu aliyefungwa maisha. Ukiwakusanya wateja hao katika chumba kimoja, huenda wasipatane hata juu ya sala ya kufungulia mkutano. Naye mwenyewe si mfuasi wa yeyote kati yao. Amekwisha kueleza katika maandishi yake kwamba katika mambo ya dini hana uhakika, si upande huu wala ule.

KUKU WA HIALEAH

Tuanze na kesi ambayo asili yake ni Afrika. Watumwa waliochukuliwa kutoka nchi ya Wayoruba walifika Cuba wakiwa na dini yao vifuani. Huko waliitwa Walukumi, na ibada zao zikachanganyika na Ukatoliki wa mabwana zao, ikazaliwa dini iitwayo Santería. Wafuasi wake huchinja kuku, njiwa, mbuzi na kondoo kwa ajili ya miungu yao, na mara nyingi nyama hupikwa ikaliwa.

Mwaka 1987 kanisa moja la dini hiyo lilikodi kiwanja mjini Hialeah, katika jimbo la Florida, kwa nia ya kuweka mahali pa ibada. Wenyeji walipopata habari walichachamaa. Mwezi Juni madiwani waliitisha mkutano wa dharura, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wamekwisha kupitisha sheria ndogo za kupiga marufuku kuchinja mnyama kwa kafara.

Tazama ujanja wa sheria hizo. Mwenye bucha aliruhusiwa kuchinja. Myahudi aliruhusiwa kuchinja kwa kanuni za dini yake. Mwindaji na mvuvi hawakuguswa, na aliyewaua panya nyumbani kwake hakuwa na kosa. Aliyebaki na kosa ni yule tu aliyechinja kuku wake kwa ajili ya mungu wa Kiyoruba. Hapo hata mtoto mdogo angeng'amua kwamba madiwani hawakuwa na huruma na kuku, bali walikuwa na chuki na mchinjaji.

Profesa Laycock alisimama kulitetea kanisa hilo mbele ya Mahakama ya Juu mwezi Novemba 1992. Tarehe 11 Juni, 1993, majaji wote tisa walikubaliana kwamba sheria za Hialeah zilikiuka Katiba, kwa kuwa zilitungwa kuilenga dini moja.

ALIPOSHINDWA, HAKULALA

Kesi ya kuku ilikuwa nyepesi kwa namna moja: chuki ya madiwani ilikuwa wazi. Lakini je, ikiwa sheria haikutungwa kwa chuki? Ikiwa ni sheria moja kwa watu wote, ila imemwangukia mwabudu mmoja na kumvunja mgongo?

Swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa mwaka 1990, na jibu halikuwafurahisha watu wa dini. Wanaume wawili wa jimbo la Oregon walifukuzwa kazi kwa sababu walitumia mmea wa kulevya uitwao peyote, ambao katika Kanisa la wenyeji wa asili wa Marekani ni sehemu ya ibada. Mahakama ya Juu iliamua kwamba maadamu sheria inawahusu wote na haikulenga dini yoyote, mwabudu hana budi kuitii kama wengine.

Maneno hayo yana sura ya haki. Lakini hebu yafikirie. Kuanzia mwaka 1920 Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima. Kama sheria ile isingaliwaachia makasisi divai ya misa, Mkatoliki angalikuwa mhalifu kila Jumapili, na mtunga sheria angalisema kwa moyo mkunjufu, “Mimi sikumlenga mtu.” Kumbe sheria yaweza kuwa moja kwa wote, na bado ikamwumiza mmoja tu.

Wakristo wa madhehebu mbalimbali, Wayahudi, Waislamu na watetezi wa haki za raia waliungana kupinga uamuzi ule. Mwaka 1993 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwarudishia waabudu kinga yao. Katika Baraza la Seneti kura zilikuwa 97 kwa 3, jambo la nadra katika nchi ile yenye mabishano mengi. Laycock alikuwa miongoni mwa wasomi walioitetea sheria hiyo mbele ya wabunge.

Furaha haikudumu. Katika mji mdogo wa Boerne, huko Texas, kanisa la Kikatoliki la Mtakatifu Petro lilikuwa limewajaa waumini hata halina nafasi. Lilipoomba ruhusa ya kupanuliwa, wakuu wa mji walikataa, wakisema jengo lile la zamani limo katika eneo la kumbukumbu za historia. Askofu Mkuu Patrick Flores alikwenda kortini akiitegemea sheria mpya, na Profesa Laycock akasimama kwa niaba yake. Mwezi Juni 1997 wakashindwa. Mahakama ilisema Bunge halikuwa na uwezo wa kuyalazimisha majimbo kuifuata sheria ile.

Mtu mwingine angalirudi darasani akanyamaza. Yeye alirudi darasani, naam, lakini hakuacha kuandika wala kwenda kutoa ushahidi bungeni. Mwaka 2000 Bunge lilipitisha sheria nyingine, nyembamba kuliko ile ya kwanza. Ilihusu mambo mawili tu: viwanja vya ibada na dini za watu walio vifungoni. Sheria hiyo nyembamba ndiyo iliyokuja kuziokoa ndevu za mtu mmoja.

NUSU INCHI

Katika gereza la jimbo la Arkansas alikuwako mfungwa aitwaye Gregory Holt, ambaye jina lake la Kiislamu ni Abdul Maalik Muhammad. Hakuwa mtu wa kuonewa huruma upesi. Alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuvunja nyumba na kumjeruhi vibaya mwanamke aliyekuwa mpenzi wake.

Holt aliamini kwamba dini yake inamtaka asinyoe ndevu. Gereza lilikataza ndevu kwa wafungwa wote, isipokuwa mwenye ugonjwa wa ngozi, ambaye aliruhusiwa robo inchi. Basi yeye akaomba nusu inchi, ambayo ni kama sentimita moja na robo. Wakuu wa gereza walikataa. Walisema mfungwa aweza kuficha vipande vya wembe, sindano, dawa za kulevya au kadi ya simu ndani ya ndevu. Isitoshe, mfungwa akitoroka aweza kunyoa, askari wasimtambue.

Holt hakuwa na wakili. Alijiendeshea kesi mwenyewe. Hakimu aliyemwona kwa macho alikiri kwamba wazo la kuficha kitu katika ndevu zile lilikaribia kuwa kichekesho; hata hivyo aliona wakuu wa gereza ndio wanaoijua kazi yao, akawapa ushindi wao. Alipoanguka na katika rufani, mfungwa yule alichukua kalamu akaiandikia Mahakama ya Juu kwa mkono wake. Maelfu ya maombi hufika huko kila mwaka na machache sana husikilizwa. Lake lilisikilizwa, na Profesa Laycock akawa wakili wake.

Tarehe 7 Oktoba, 2014, profesa alisimama mbele ya majaji. Hoja zake hazikuwa na mbwembwe. Nywele za kichwani huwa ndefu kuliko nusu inchi, mbona hizo zinaruhusiwa? Mgonjwa wa ngozi anaachiwa robo inchi, je, ile robo nyingine ndiyo yenye hatari? Na magereza ya majimbo zaidi ya 40, pamoja na yale ya serikali kuu, yanawaruhusu wafungwa kuwa na ndevu za kiasi hicho, mbona hayajaangamia? Jaji Samuel Alito aliongeza chumvi yake kwa kumwuliza wakili wa jimbo kwa nini wasimpe mfungwa kitana akajichana: kama mna kadi ya simu, au hata bastola ndogo, si itaanguka?

Hukumu ilitolewa tarehe 20 Januari, 2015. Majaji wote tisa walimpa Holt haki yake, na Alito ndiye aliyeiandika. Jaji Ruth Bader Ginsburg aliongeza maneno machache yenye uzito: kumruhusu mfungwa huyu hakumdhuru mtu mwingine yeyote asiyekuwa wa imani yake. Yaweke akilini maneno hayo, maana si kila kesi ya dini iko hivyo.

MWALIMU ALIYEPOTEZA KAZI

Mathalani, kesi ya shule ya Kilutheri ya Hosanna-Tabor, katika jimbo la Michigan. Mwalimu mmoja aliugua maradhi ya usingizi, akapewa ruhusa ya kupumzika. Alipotaka kurudi kazini hawakumtaka. Aliposema atakwenda kwenye sheria, wakamfukuza. Sheria ya Marekani inawalinda wafanyakazi wenye ugonjwa au ulemavu, lakini kanisa lilisema kwamba yeye alikuwa mhudumu aliyeitwa na kanisa, na serikali haina ruhusa ya kulichagulia kanisa wahudumu wake.

Laycock alisimama upande wa kanisa. Mwezi Januari 2012 alishinda, tena kwa sauti moja ya majaji wote. Hapa mtu aliumia. Mwalimu yule alitoka mikono mitupu, na wapo mpaka leo wanaosema kwamba uhuru wa kanisa ulinunuliwa kwa mkate wake. Jambo hilo ni zito, wala halifai kufichwa. Anayetetea uhuru wa dini hutetea pia uwezo wa dini kumtendea mtu jambo ambalo mwajiri mwingine asingeruhusiwa kulitenda.

Baada ya ushindi huo watu wengi wangalidhani profesa amekuwa wakili wa makanisa. Mwaka uliofuata alionekana tena mahakamani, safari hii akiwapinga waliopenda sala. Katika mji wa Greece, jimbo la New York, mikutano ya baraza la mji ilikuwa ikifunguliwa kwa sala tangu mwaka 1999, na karibu zote zilikuwa za Kikristo. Wanawake wawili, mmoja Myahudi na mwenziwe asiyeamini Mungu, walilalamika kwamba mwananchi anayekwenda kwa madiwani kueleza shida yake hapaswi kwanza kushirikishwa ibada isiyo yake. Laycock aliwasemea. Mwezi Mei 2014 walishindwa kwa kura 5 kwa 4.

Je, mtu huyu ni kigeugeu? La. Ametunga kanuni moja na kuifuata popote inapompeleka. Kanuni yenyewe, aliyoieleza katika makala ya mwaka 1990, ni kwamba serikali ijitahidi kadiri iwezavyo isimvute mtu kwenye dini wala isimfukuze kutoka katika dini. Baraza la Greece lilivuta. Gereza la Arkansas lilifukuza. Kwa macho yake makosa hayo mawili ni ndugu.

DARASANI

Sasa turudi kwa wanafunzi, maana bila wao mtu huyu angekuwa wakili tu kama mawakili wengine. Somo alilojulikana nalo kwa muda mrefu si dini, bali ni lile linalouliza: ukishashinda kesi, mahakama itakupa nini? Kitabu chake cha somo hilo, Modern American Remedies, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1985. Somo hilo laweza kuonekana kavu, lakini lina uhusiano mkubwa na mambo tuliyoyasimulia. Holt hakutaka fedha. Alichotaka ni amri ya mahakama kwamba wembe usimguse. Kijana asiyejua tofauti ya vitu hivyo viwili hawezi kumsaidia mwabudu yeyote.

Katika vyuo vya sheria vya Marekani, tangu Christopher Langdell alipoleta mtindo mpya huko Harvard kuanzia mwaka 1870, mwanafunzi hapewi sheria kama kasuku apewavyo maneno. Husomeshwa kesi halisi, kisha mwalimu humwuliza swali juu ya swali. Akisema kanisa lina haki, ataambiwa ageuke asemee mwalimu aliyefukuzwa. Akimhurumia mfungwa, ataambiwa awe mkuu wa gereza. Mtindo huo humtoa kijana jasho, lakini humfundisha kitu ambacho mahubiri hayawezi kumfundisha: kuisikia hoja ya mtu asiyempenda.

Siku hizi vyuo vingine vimeenda mbele zaidi. Mwezi Januari 2013 Chuo Kikuu cha Stanford kilifungua kliniki ya uhuru wa dini chini ya Profesa James Sonne, na Notre Dame kikafuata mwaka 2020. Neno kliniki lisikushangaze. Kama vile mwanafunzi wa udaktari anavyopelekwa wodini kumwona mgonjwa akiwa na mwalimu wake, ndivyo mwanafunzi wa sheria anavyopewa mteja wa kweli. Huzungumza naye, humwandikia hati, na akipata ruhusa husimama kortini huku mwalimu akimtazama. Hapo hachagui dini ya mteja. Mkristo aweza kujikuta akimpigania Mwislamu, na asiye na dini akampigania wote wawili.

MWANAFUNZI NAYE HUULIZA

Lakini mwalimu anayewafundisha vijana kuuliza maswali ajue kwamba siku moja ataulizwa yeye. Mwaka 2014 Laycock na wasomi wenzake walimwandikia gavana wa Arizona juu ya mswada wa uhuru wa dini ambao watu wengi waliuona kuwa njia ya kuwanyima huduma wapenzi wa jinsia moja. Mwezi Mei mwaka huo mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Virginia na mhitimu mmoja wa chuo hicho walimwandikia barua ya wazi, wakisema kazi yake inatumiwa kuwaumiza watu. Zaidi ya hayo, walitumia sheria ya habari za umma kuomba kumbukumbu za simu na safari zake. Wasomi wengi walikasirika, wakasema huko ni kumtisha mwalimu. Wengine waliona kwamba vijana wana haki ya kuuliza.

Ajabu ni kwamba mtu waliyemshuku alikuwa akisema kwa miaka kwamba sheria iwalinde wote wawili: wapenzi hao katika ndoa yao na waumini katika dhamiri yao. Mwaka 2015, kesi ya ndoa za jinsia moja ilipofika Mahakama ya Juu, yeye na wenzake walipeleka hati ya kuunga mkono wanaotaka kuoana. Kwa hiyo leo wahafidhina wanamwona msaliti, kesho wanamageuzi wanamwona adui. Hayo ndiyo malipo ya mwenye kupima pande mbili kwa kibaba kimoja.

NASI JE?

Msomaji asidhani hayo ni ya Wamarekani peke yao. Ibara ya 32 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikira na imani, na kortini kwetu maswali ni yale yale. Mwaka 2019 msichana mmoja wa familia ya Kirastafari alirudishwa nyumbani na shule yake ya sekondari, eneo la Kibera, Nairobi, kwa sababu ya misokoto ya nywele zake. Mwezi Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliamua kwamba Urastafari ni dini kama nyingine, na kwamba shule haikuwa na haki ya kumfukuza. Mwanzoni mwa mwaka huo huo, kesi ya hijabu za wasichana wa shule moja ya Isiolo, inayodhaminiwa na Kanisa la Methodisti, ilikuwa imefika hadi Mahakama ya Juu yetu. Iliamuliwa kwa kasoro za utaratibu, na swali lenyewe likabaki bila jibu.

Ukimwuliza mzazi Mkristo juu ya hijabu, au mzazi Mwislamu juu ya misokoto ya Rasta, mara nyingi utasikia neno moja: shule ina kanuni zake. Lakini mwulize juu ya mtoto wake mwenyewe, anayelazimishwa kwenda katika ibada isiyo yake, nawe utaona kanuni zinavyosahaulika upesi.

Huenda ndiyo maana kazi hii imewafaa walimu. Wakili hulipwa na mteja mmoja, amsemee huyo. Mwalimu ana darasa zima mbele yake, wenye misalaba, kofia na vilemba, na wasio na chochote kichwani, na kesho atakutana nao tena. Akimpendelea mmoja, wote wataona. Hebu nawe jipime, msomaji: mtaje moyoni mtu ambaye dini yake inakuchukiza kuliko zote, kisha ujiulize kama ungekubali kumwandikia barua kwa mahakama, kwa mkono wako, ili aachiwe nusu inchi yake.